UZI: Mfereji mpya, maji rangi ya chai. Nyumba za zamani Mombasa tufanyeje?

Kibokoni_Juu
Assalaam aleykum jamaa. Suala ni la nyumba ya ghorofa mbili Mji wa Kale, kuta za mawe na chokaa. Paipu ni za chuma, zile GI za zamani: robo tatu inchi kwenye mstari unaoshuka kutoka darini, nusu inchi kwenye matawi. Tangi ni la plastiki, lita 1,000, liko juu, linajazwa na maji ya mji siku ya zamu. Imebadilishwa mifereji miwili, wa jikoni chini na wa hamamu ya ghorofa ya kwanza. Tangu maji yafunguliwe yanatoka ya kahawia yenye chembe nyeusi, na mfereji mpya wa jikoni una nguvu ndogo kuliko ule mbovu ulioondolewa. Fundi anasema yataisha yenyewe. Mwenye nyumba anasema fundi ndiye aliyeharibu. Wenye ujuzi, kinachotakiwa hasa ni nini?

Spana14
Waaleykum salaam. Kutu haikuletwa na fundi, ilikuwamo. Paipu ya GI ina ngozi ya zinki. Ngozi ikishaliwa, chuma chenyewe huota vinundu vya kutu kwa ndani, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokula, tundu la paipu huzidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka. Maji yanapopita siku zote upande mmoja kwa nguvu ileile, vinundu vinatulia. Siku ya matengenezo paipu inamwagwa, hewa inaingia, kutu mbichi inakauka na kupasuka. Renchi ikilazimisha mfereji uliogandamana, paipu nzima inatikisika mpaka kwenye elbo (kiungo cha kona) iliyo ndani ya ukuta. Halafu mtu anafungua valvu yote kwa mara moja, maji yanakimbiza hewa, yanagonga kila kona, na kila kilicholegea kinashuka.

Hapo ndipo fundi ana lawama yake: kufungua kwa pupa, na kuondoka bila kusafisha mstari.

Nguvu ndogo ya jikoni, angalia mdomo wa mfereji, ule wenye wavu. Mara nyingi hufunguka kwa mkono. Ukikataa, funga kitambaa utumie koleo. Utakuta wavu umeziba magamba. Uoshe, lakini usiurudishe mpaka kazi yote imalizike. Kama mfereji mpya ni ule wa mkono mmoja, wenye katriji ya kauri, usiufungue-funge ovyo sasa hivi. Punje za kutu zinakwaruza sahani za kauri, nawe utaanza kudondokewa na mfereji mpya. Mfereji wa skurubu wenye wosha ya mpira huvumilia zaidi, na wosha ni ya bei ya chini kabisa dukani.

TangiNaMita
Spana kasema kweli, ila kabla ya kufungua lolote jueni kutu inatoka wapi. Watu hubadilisha paipu kumbe tangi ndilo chafu, au huosha tangi kumbe maji yanaingia tayari machafu.

Chukua chupa nne za plastiki zinazoonekana ndani, uzioshe, uziandike namba. Ya kwanza ijaze kwenye mita, kabla ya tangi, siku ya zamu, maji yakiwa yameshatiririka dakika tano. Ya pili ijaze kwenye tundu la kutokea la tangi, pale yuniani (kiungo cha kuachanisha paipu) inapofunguka. Ya tatu ni maji ya mwanzo kabisa ya asubuhi kwenye mfereji wa jikoni, kabla mtu yeyote hajafungua mfereji wowote. Ya nne ni mfereji uleule baada ya ndoo moja ya lita 20 kupita. Zipange juu ya karatasi nyeupe. Ziangalie papo hapo, baada ya saa moja, na kesho yake.

Ya kwanza ikiwa chafu, tatizo liko nje ya nyumba. Ya kwanza safi na ya pili chafu, panda ukaoshe tangi. Mbili za mwanzo safi, ya tatu chafu, ya nne safi: ni paipu za ndani, na kutu yake ni ile inayolegea maji yakilala. Ikiwa hata ya nne ni chafu baada ya kusafisha mstari, paipu zimeisha, msijidanganye.

Chembe nyeusi pia zipimwe. Zimwage kwenye sahani nyeupe, pitisha sumaku chini, hata ile ya spika mbovu. Zikifuata sumaku ni magamba ya chuma. Zisipofuata, na ukizisugua kwa kidole zinapaka masizi, hiyo ni wosha au mpira wa paipu ya kunyumbulika unaooza. Nimesema hivi kwa sababu wengi wakiona cheusi huita kutu moja kwa moja.

MaabaraTudor
Naongeza la kemia kidogo kwenye chupa ya tatu. Maji yakilala usiku ndani ya chuma, oksijeni iliyomo inatumika yote karibu na ukuta wa paipu. Baada ya hapo chuma kinayeyuka bila rangi. Ukifungua asubuhi maji yanaweza kutoka meupe kabisa, yakakutana na hewa, na baada ya muda yakageuka manjano kisha kahawia. Ndiyo maana ya kuziangalia chupa tena baadaye. Chupa iliyotoka ya kahawia tangu mwanzo ina kutu ngumu inayoelea. Hiyo itatua chini. Chupa iliyogeuka ikiwa imesimama ina chuma kilichoyeyuka. Kitambaa hakiwezi kukizuia mpaka kwanza kipate hewa.

Kwa afya: Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha chuma kwenye maji. Kile cha miligramu 0.3 kwa lita ni cha ladha na madoa. Kutu yenyewe basi si sumu. Wasiwasi wangu uko kwingine. Magamba yana vijitundu ambamo vijidudu hukaa, na kutu inakula klorini iliyotiwa kwenye maji, kwa hiyo ulinzi unafika mferejini umeshakwisha. Zinki ya zamani pia ilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu, ndani yake, na risasi hiyo hunata kwenye magamba. Maji ya kahawia ya siku za matengenezo msiyatumie kuchanganya maziwa ya mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, hakuondoi chuma wala risasi.

Na pua itumike. Kutu hunuka chuma. Maji ya kahawia yenye harufu ya choo ni jambo jingine kabisa. Mji ukiwa na mgao, paipu za mtaani zikiwa tupu hunyonya kilicho nje kupitia nyufa. Hayo msiyasafishe, yamwageni na mtoe taarifa.

MtuWaMakadara
Mbona mnazungusha? Duka la vifaa lina asidi ya kusafisha choo. Mimina lita mbili tangini, iache usiku, asubuhi fungua. Kutu yote inayeyuka.

Spana14
Yakhe, hapana. Asidi hiyo ni hidrokloriki. Haichagui: inakula zinki iliyobaki na chuma chenyewe pamoja na kutu. Paipu ya zamani mara nyingi imezibwa na kutu yake yenyewe kwenye matundu ya sindano. Ukiiyeyusha unapata uvujaji ndani ya ukuta wa chokaa, mahali usipopaona mpaka plasta ianguke. Shaba ya mifereji mipya nayo inaliwa. Na ni tangi la watu kunywa! Mtu mwingine akija usiku kunywa maji hajui kuna nini.

MaabaraTudor
Na asidi hiyo ikikutana na dawa ya madoa ya klorini, kama Jik, inatoa gesi ya klorini. Hamamu za Mji wa Kale zina kidirisha kimoja kidogo. Wazo hili lizikwe hapa hapa.

BiHarusiKuze
Samahani wajuzi, nguo nyeupe zimeshafuliwa na maji hayo. Kanzu tatu zina madoa ya manjano na Jik imezidisha.

MaabaraTudor
Jik imezidisha kwa sababu klorini inakigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu ndani ya uzi wa nguo. Simamisha Jik kabisa, dada. Loweka kwenye maji baridi, kisha kamulia ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi laini, weka juani nusu saa na usiiache ikauke, ongeza ndimu. Suuza sana kabla ya sabuni. Ikiwa una asidi ya sitriki ya unga, ile ya dukani ya kupikia, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji moto, loweka saa moja. Jaribu kwanza upindo wa ndani. Hariri na nguo za rangi sikushauri. Usipige pasi doa likiwa bado lipo, joto linalifunga.

Spana14
Sasa kusafisha mstari. Hapa ndipo watu wanapoteza maji bila faida, na siku hizi maji ya mtungi yananunuliwa.

Kwanza hesabu. Mita moja ya paipu ya nusu inchi hubeba takriban lita 0.2. Ya robo tatu, lita 0.37. Ya inchi moja, karibu lita 0.58. Nyumba kama hiyo yenye mita 9 za robo tatu na mita 12 za nusu inchi ina maji yasiyofika lita 6 ndani ya paipu zote. Kwa hiyo si wingi wa maji unaosafisha, ni kasi. Magamba yanahitaji maji yaende mita moja kwa sekunde au zaidi ili yabebwe. Kwenye nusu inchi hiyo ni lita 12 kwa dakika: ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 100. Kwenye robo tatu ijae kwa takriban sekunde 55. Ikijaa kwa dakika tano, unaosha maji tu, uchafu unabaki umelala.

Utaratibu ninaoutaka:

Funga valvu ya tangi. Ondoa vichujio vya midomo yote, kichwa cha shawa, na ufunge koki ndogo za kuingilia tangi la choo. Kama kuna shawa ya umeme, zima swichi yake kubwa na uifungue paipu yake kabla ya kifaa; kutu ikiingia mle inaziba mpira wa ndani na kitundu cha maji, halafu elementi inaungua.

Fungua mfereji ulio juu kuliko yote ili hewa itoke. Rudi kwenye valvu ya tangi uifungue robo tu. Subiri mpaka mfereji wa juu uache kukohoa na utoe maji mfululizo, kisha uufunge. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayozuia kishindo cha hewa kulegeza kutu upya.

Sasa fungua valvu yote. Anza na mstari mkuu: mfereji wa chini kabisa, wa uani au wa kisimani, uufungue wote, mingine yote ikiwa imefungwa. Ndoo mbili. Ukishuka kutoka tangi lililo mita 9 juu una nguvu ya karibu ba 0.9 (ba ni kipimo cha msukumo wa maji), ndiyo kubwa utakayoipata bila pampu. Maji yakitakata, nenda kwenye matawi, la karibu na tangi kwanza, ushuke. Mfereji mmoja kwa wakati mmoja, wazi kabisa, ndoo moja moja. Ukifungua miwili unagawa kasi.

Maji ya kwanza yasitupwe bure: mwagia chooni kwa ndoo moja kwa moja, si kupitia tangi la choo, maana boya lake litaziba.

Maliza kwa kuosha vichujio, virudishe, na asubuhi ya pili fungua kila mfereji kwa muda mfupi. Rangi hafifu asubuhi mbili tatu ni kawaida. Rangi nzito baada ya wiki si kawaida.

ChokaaNaBoriti
Spana, na lile la kugongagonga elbo kwa nyundo ya mpira maji yakiwa yanakimbia?

Spana14
Kwenye paipu iliyo wazi, ya umri wa wastani, polepole, linasaidia. Kwenye paipu iliyozikwa ukutani au yenye thredi (nyuzi za kukazia) zinazotoa jasho la kutu, siligusi.

ChokaaNaBoriti
Mimi siligusi popote. Elbo za nyumba hizi zimeshikwa na plasta kuliko zinavyoshikwa na thredi.

TangiNaMita
Mita 9 za Spana ni za mfereji wa chini. Hamamu ya juu yenye tangi mita 3 tu juu yake ina ba 0.3, na tawi lililojaa kutu halifiki lita 12 kwa dakika hata ukiomba dua. Tawi hilo lifungue kwenye ncha yake, toa mfereji wenyewe, acha paipu imwage wazi kwenye ndoo. Mfereji unabana maji kuliko watu wanavyodhani.

Watu wakikata tamaa hununua pampu ya kuongeza nguvu. Kwenye paipu zilizolala miaka na ba moja, pampu ya ba tatu inafungua kila tundu lililozibwa na kutu. Pampu ni baada ya kubadilisha paipu, si badala yake.

Halafu tuzungumze kuhusu siku ya zamu, maana hapa ndipo Mombasa inatofautiana na miji yenye maji kila saa. Maji yetu yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo Magharibi, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Paipu za mtaani zikikaa tupu kisha zikajaa ghafla, yale maji ya dakika za mwanzo yanabeba kila kitu. Nyumba nyingi boya liko wazi, tangi linasubiri, kwa hiyo uchafu wote huo unaingia moja kwa moja tangini.

Suluhisho ni dogo. Kwenye paipu inayopanda tangini, chini karibu na mita, fungeni tii (kiungo cha njia tatu) ya nusu inchi yenye mfereji, na juu ya tii valvu ya mkono wa robo mzunguko. Maji yakija, valvu ya kupanda imefungwa, mfereji wa tii wazi, ndoo chini yake. Yakitakata, funga mfereji, fungua valvu. Mkitaka zaidi, wekeni chujio la chuma la umbo la Y baada ya valvu hiyo. Lina kofia ya kufungua na kuosha wavu. Vichujio vya katriji vya inchi 10 vinafaa hapa pia, vyenye vitundu vya maikroni 20 au zaidi. Maikroni 5 ukianza nayo itaziba upesi. Usiweke katriji kati ya tangi la darini na mifereji. Ba 0.3 haitoshi kuipita.

Kuosha tangi: tundu la kutokea liko juu ya sakafu ya tangi kwa sentimita kadhaa, chini yake ndimo tope linamolala. Wakati tangi linapojazwa kwa nguvu tope linapanda na kutoka. Punguza maji, sugua kwa brashi laini bila sabuni, toa tope kwa kikopo na sponji, suuza. Kisha jaza, tia dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, lita moja na nusu kwa tangi la lita 1,000, ambayo ni takriban miligramu 50 kwa lita. Ilale ndani ya tangi usiku kucha na valvu ya kutokea ikiwa imefungwa, imwage, suuza. Soma asilimia kwenye chupa. Ikiwa kali zaidi, punguza kipimo. Tope litolewe kwanza, maana kutu inaimaliza klorini kabla haijafanya kazi.

MwenyeNyumbaGanjoni
Na wenye visima? Kwetu kisima hutumika maji ya mji yakikosekana.

MaabaraTudor
Visima vya kisiwani viko kwenye mwamba wa matumbawe: maji magumu, na mengi yana chumvi. Chumvi ndiyo adui mkubwa wa GI, inapenya ngozi ya kutu na kuchimba mashimo membamba. Nyumba inayochanganya maji ya kisima na ya mji kwenye paipu zilezile za chuma itazimaliza mapema. Angalieni pia paipu inayopanda kutoka pampu ya kisima. Ikiwa ya chuma, kutu inaanzia huko. Wekeni maji ya kisima kwenye tangi lake na mstari wake wa plastiki, wa choo na usafi tu.

ChokaaNaBoriti
Narudi kwenye mfereji uliofungwa, kwa sababu kutu ijayo inaanzia pale pale. Mfereji ni wa shaba, paipu ni ya chuma. Vikishikana ndani ya maji yenye chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa kwenye zile sentimita chache zilizo karibu na kiungo. Zaidi ya hapo, fundi akikata thredi mpya anaondoa zinki yote pale. Chuma kiko uchi. Ndiyo maana kiungo cha mfereji mpya hutoa jasho la kahawia mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Kupunguza: kati ya paipu na mfereji pawe na kiungo cha plastiki chenye thredi, kinachostahimili nguvu ya maji, ili shaba isiguse chuma. Ile tepu nyeupe nyembamba ya thredi izungushwe kuelekea upande wa kukaza, mizunguko 10 hadi 15 kwa nusu inchi, ukiacha uzi wa kwanza wazi ili kipande cha tepu kisiingie ndani na kuziba wavu. Thredi zilizoliwa zinahitaji katani na pesti ya mabomba, tepu peke yake haijazi mashimo.

Na kufungua: renchi mbili, daima. Moja inashika soketi au elbo, nyingine inazungusha mfereji. Mafuta ya kulegeza kutu yapakwe, yaachwe yapenye. Usitumie moto karibu na boriti. Niple (kipande kifupi cha paipu chenye thredi) ikikatikia ndani ya elbo, kata kwa msumeno mwembamba kutoka ndani kwenda nje sehemu mbili bila kufikia thredi za elbo, kisha ivunje kwa patasi ndogo kuelekea katikati.

Kibokoni_Juu
Shukrani. Majibu ya chupa: ya kwanza safi. Ya pili ina tope kidogo chini, juu safi. Ya tatu kahawia nzito. Ya nne, baada ya kusafisha kwa utaratibu wa Spana, bado ina manjano, na kesho yake imezidi. Chembe zinafuata sumaku. Ndoo ya jikoni inajaa kwa karibu dakika nne mfereji ukiwa umetolewa kabisa.

TangiNaMita
Dakika nne ni lita 5 kwa dakika, ghorofa ya chini, mfereji umetolewa. Tundu la tawi hilo limebaki jembamba mno. Osheni tangi, lakini paipu zimeisha.

Spana14
Nakubali. Badilisha kwa PPR, paipu za plastiki zinazounganishwa kwa moto, ila kuna kosa linalofanyika kila siku hapa mjini: kubadilisha GI ya nusu inchi kwa PPR ya 20. PPR ya milimita 20, kipimo cha nje, ya PN20 (daraja la kustahimili nguvu ya maji) ina tundu la milimita 13.2, nusu inchi mpya ilikuwa 16. Tawi liwe la 25, tundu lake 16.6. Mstari wa kushuka liwe la 32, tundu 21.2, sawa na robo tatu. Ya 20 iachwe kwa mita ya mwisho ya mfereji mmoja.

Mashine ya kuunganishia iwe nyuzi 260. Ya 20 ishike moto sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8. Weka alama ya kina kwa kalamu kabla, takriban milimita 16 kwa ya 25. Ukizidisha moto au kusukuma sana, plastiki inafanya ukingo ndani na tundu linabanwa tena. Kiungo kitaonekana kizuri kwa nje na nguvu itakuwa ndogo. Usizungushe unapoingiza. Kabla ya plasta, jaza maji, funika kila kiungo kwa karatasi ya shashi, ilale usiku. Karatasi itasema. Juu darini ifunikwe isipigwe na jua. Miale inaikausha na kuipasua.

WayaNaSwichi
Mafundi bomba, simameni hapo. Nyumba nyingi za zamani zilifungiwa waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye paipu ya maji. Ukikata chuma ukaweka plastiki, nyumba nzima inapoteza ardhi bila taa hata moja kuzimika. Shawa ya umeme ikivujisha umeme siku hiyo, anayeoga ndiye anakuwa njia yake. Kabla ya kukata, fundi umeme afuate waya wa kijani, au wa shaba ulio uchi, aone umefungwa wapi. Fimbo ya ardhi ichimbiwe kwanza, ipimwe, na kifaa cha kukata umeme kwa uvujaji wa miliampia 30 kiwekwe. Paipu ipimwe pia kwa testa kabla ya kushika msumeno. Chuma cha zamani kinaweza kuwa na umeme.

ChokaaNaBoriti
Kuhusu ukuta. Paipu ya zamani iliyozikwa msiing'oe. Ifungeni kofia pande zote mbili, iacheni humo. Ukiichomoa kwenye ukuta wa matumbawe unatoka na mawe. Mpya ipite juu ya ukuta kwa klipu, kwenye kona ya ndani, au ndani ya ngazi. Palipochimbwa pazibwe kwa chokaa na mchanga uliooshwa, si simenti. Simenti inafunga unyevu na chumvi ndani, na mchanga wa pwani usiooshwa unakula klipu za chuma. Upande wa mbele unaoonekana barabarani, ulizeni kwanza ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kibokoni_Juu
Mwenye nyumba yuko radhi kwa nusu tu sasa hivi. Anataka tuanze na jikoni, kwa sababu ndiko panapolalamikiwa.

Spana14
Mwambie mzee jikoni ni mwisho wa mstari. Ukiweka PPR jikoni na chuma kikabaki juu yake, kutu ya juu itashuka kwenye paipu mpya na mfereji mpya vilevile. Nusu ya kwanza ianze tangini: kiungo cha tangi, valvu mpya ya mkono, kisha mstari mkuu wa 32 mpaka chini, na tii za kusubiri matawi kwenye kila ghorofa. Tawi la jikoni liunganishwe siku hiyo hiyo, ni mita chache. Tawi la hamamu ya ghorofa ya kwanza likibaki chuma, liwekewe valvu yake na chujio la Y mwishoni kabla ya mfereji, na wavu uoshwe kila zamu ya maji. Valvu ya zamani ya gurudumu iliyo juu tupeni. Ulimi wake ukikatika ndani unabaki umefunga na gurudumu linazunguka bure.

Kibokoni_Juu
Tii za kusubiri zifungwe na nini?

Spana14
Kofia ya PPR iliyounganishwa moto, na uache kipande cha sentimita 10 kati ya tii na kofia ili siku ya kuendelea ukate hapo bila kugusa tii. Kisizidi urefu huo, maji yakilala kwenye kipande kirefu yanachacha.